Kilo za Mpiga Kafi Zimekaa Wapi?

Nyansiongo hatuna ziwa, lakini uzito tunaujua. Mtazame mchumaji wa majani chai anayeteremka baada ya mvua ya alasiri, kikapu kimejaa mgongoni, njia inateleza. Anakunja magoti, anainama kidogo. Mzigo ni uleule. Ameushusha tu karibu na ardhi.

Kayaki hufuata kanuni hiyohiyo. Vijana wanaokwenda kupiga kafi Sagana, kwenye mto Tana, hutaka kujua kama mnene hupinduka upesi kuliko mwembamba. Mimi huuliza kwanza ameketi vipi.

Chukua kayaki ya kilo 25 na mtu wa kilo 75. Robo tatu ya uzito wote ni mwili wake, kwa hiyo ukimweka vibaya umekiweka vibaya chombo kizima. Maji nayo husukuma juu kupitia katikati ya sehemu iliyozama. Kayaki ikilala, msukumo huo huhamia upande ulioinama. Ukihama zaidi kuliko uzito ulivyohama, kayaki inarudi yenyewe. Uzito ukitangulia, mtu yuko majini.

Akiingia mtu wa kilo 100, kayaki inazama zaidi. Kama mbavu za kayaki zinatanuka kuelekea juu, inapata upana zaidi majini, na upana una nguvu ajabu: ukiongezeka kwa asilimia 10, uwezo wa umbo kupinga kulala hupanda kwa takriban theluthi. Ila ukingo nao umekaribia maji. Mbavu zikiwa wima, upana haubadiliki huku kilo zimeongezeka juu, na chombo kinalegea. Mwepesi ana taabu yake: kayaki ya mtu mkubwa humwelea juu mno, na upepo humpeleka utakako.

Kinachonisikitisha zaidi ni mto wa kukalia. Mtu anautandika ili astarehe, kiti kinapanda sentimita 5, na kitovu cha uzito wa chombo chote kinapanda karibu 4. Kwa chombo chembamba hivyo, hizo ni nyingi sana.

Halafu kuna uzito unaohama. Tarehe 20 Septemba 2018, katika Ziwa Victoria, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Ukara, Ukerewe. Kiliruhusiwa abiria 101. Kilibeba zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Taarifa za wakati ule zilieleza kuwa watu walisogea upande mmoja kujiandaa kushuka. Watu 228 walifariki. Aliyeketi sakafuni uzito wake uko chini. Anapoinuka na kusogea, unapanda na kuhama kwa wakati mmoja.

Mafundi wa pwani waliufungia mtumbwi mwembamba matengo, yaani vielea vya ubavuni, pande zote mbili, ukawa ngalawa. Kayaki haina matengo. Ina magoti ya mpiga kafi, yaliyobanwa chini ya sitaha, na kiuno kinachoyumba na chombo huku kifua kikibaki wima juu yake.