Redio Iliyokaa Mahali Pake

Lori lililotumika Japani hufika bandari ya Dar es Salaam likiwa na redio nzima isiyo na kazi. Kule Japani mawimbi ya FM yalipangwa kuanzia megahezi 76 hadi 90, ilhali huku kwetu stesheni zimejipanga kati ya 88 na 108. Dereva akitafuta stesheni anaambulia zile za mwanzo tu, basi. Mtu anayejiandaa kwenda Tunduma, zaidi ya kilomita 900, haikubali safari ya namna hiyo. Redio mpya inanunuliwa, na fundi umeme wa magari anaitwa.

Kuifunga redio ikapiga ni kazi wanayoiweza wengi. Kuifunga ikakaa ni kazi ya wachache, na hao ndio ninaopenda kuwatazama. Jambo la kwanza utakaloliona kwao ni kwamba hawana pupa ya kukata. Waya wa kiwandani ukikatwa haurudi kuwa mmoja, na plastiki ikichongwa haioti tena. Kwa hiyo kila hatua wanaipanga kana kwamba kesho mwenye lori atataka kila kitu kirudi kilivyokuwa.

Dashibodi iliyopigwa jua miaka mingi imekauka, na bisibisi ya chuma ikiingizwa ukingoni huiachia kovu au huipasua. Fundi makini hutumia kibanzi cha plastiki. Anakipitisha taratibu huku akisikiliza klipu moja baada ya nyingine ikiachia. Skrubu anaziweka kwa mpangilio aliozitolea. Kabla hajagusa waya anapiga picha kwa simu.

Kisha linakuja suala la umeme. Fuso kubwa au Scania hutumia volti 24, zinazotokana na betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo. Redio nyingi za madukani ni za volti 12. Njia ya mkato inajulikana na kila utingo: chukua umeme kwenye betri moja tu. Redio itapiga vizuri sana, lakini betri hiyo itanyonywa peke yake, na jenereta, ambayo huzichaji zote mbili kwa pamoja, itaizidishia chaji ile nyingine. Baada ya muda zinakufa zote. Fundi anayejiheshimu anafunga kifaa cha kushusha volti, chenye uwezo wa kubeba ampea zinazohitajika. Anakikaza kwenye chuma ili joto lipate pa kwenda, na anakiweka mbali na waya wa antena kisije kuitilia redio mikwaruzo.

Rangi za waya anazijua kwa moyo. Njano ni umeme wa kudumu unaotunza kumbukumbu ya stesheni, nyekundu ni wa swichi ya ufunguo, nyeusi ni ethi. Hata hivyo haziamini rangi za lori kuukuu, kwa kuwa hajui nani alipita kabla yake. Anapima kila waya kwa mita, ufunguo ukiwa umezimwa, kisha ukiwa umewashwa. Ethi anaipeleka kwenye chuma cha bodi alichokikwangua rangi hadi kikang'aa, maana ethi mbovu ndiyo huleta ule mlio mwembamba unaopanda kila dereva akikanyaga mafuta.

Kwenye spika ndiko redio nyingi huungulia. Malori ya zamani mara nyingine yaliunganisha upande hasi wa spika moja kwa moja kwenye bodi. Redio za siku hizi hazivumilii hilo: kila spika inataka waya zake mbili, na hasi yake ikigusa bodi unaweza kuua kikuza sauti. Hapo fundi hana budi kupitisha waya mpya hadi mlangoni. Ni kazi ya kuinama na kutoka jasho, na mwenye gari hataiona.

Maungio yenyewe hayasokotwi kwa vidole na kuzungushiwa tepu. Joto la kabini huyeyusha gundi ya tepu, na mtikisiko wa barabara humalizia. Fundi anabana kila ungio kwa kishikizo cha chuma na kulivisha mpira unaosinyaa kwa joto. Baada ya hapo anafunga fungu zima kwa tepu ya kitambaa ili waya zisigongegonge ndani ya dashibodi.

Mwisho ni kukaza. Tundu la kawaida la redio ni milimita 180 kwa 50. Kasha la bati huingizwa kwanza, na vijino vyake hukunjwa kwa bisibisi hadi lishike. Wengi huishia hapo. Lakini redio iliyoshikwa mbele tu huinama nyuma, na kwenye barabara ya vumbi itacheza mpaka ilegeze soketi zake. Ndiyo maana mgongoni kuna mahali pa boliti: fundi anaifunga na kipande cha bati hadi kwenye fremu. Redio ya zamani, pamoja na soketi yake, anamkabidhi mwenye lori ndani ya mfuko.

Anayetaka kuipima kazi kabla ya kulipa asiridhike kwa kupandisha sauti. Awashe injini na kukanyaga mafuta, awashe taa zote, kisha amwombe fundi aitoe redio tena. Aliyekata waya na kujaza gundi atakuwa na maelezo mengi. Aliyeifunga inavyotakiwa atachukua bisibisi na kuitoa bila kuvunja kitu.