Washona Turubai wa Mikelenge

Maji ya mto Lualaba yakipungua, wavuvi wa mji wa Kindu, mashariki mwa Kongo, huhamia visiwani na kwenye mafungu ya mchanga, wakavua na kukausha samaki kwa moshi. Kinachowasitiri usiku ni turubai. Aliyelishona, fundi wa mtaa wa Mikelenge mjini humo, hatajwi samaki wanapofika sokoni.

Kazi yake haiishii kwenye cherehani. Turubai la pamba likikunjwa mara nne penye pindo, sindano ya mashine huweza kuvunjika; hapo fundi hushika shazia, uzi uliopakwa nta na kipande cha ngozi kiganjani. Vipande hulalishwa kimoja juu ya kingine kama vigae, maji yateremke. Matundu ya kamba huzungushiwa pete, la sivyo upepo wa kwanza huyararua. Uzi nao uwe wa pamba: ukilowa huvimba na kuziba tundu la sindano. Wa nailoni hauvimbi, na mvua itapita papo hapo.

Bei ndiyo inayouma. Mizigo huifikia Kindu kwa ndege, kwa mto, kwa reli inayosuasua au kwa barabara mbovu, na turubai jipya la pamba hubeba gharama hizo zote. Wengi hununua shitingi ya plastiki. Sawa, ni nyepesi, lakini alfajiri hudondosha jasho juu ya waliolala, na jua huipasua upesi. Ndiyo maana fundi hushinda akitia viraka turubai kuukuu, kiraka juu ya kiraka, kwa malipo yanayosubiri mvuvi auze. Likirudi na ukungu kwa kukunjwa likiwa bichi, hulisugua, hulianika, kisha hulielekeza juani kutafuta tundu jipya.