Karatasi Haisahau Tundu

Kitambaa kina huruma. Fundi wa nguo akikosea hufumua, akasugua kwa ukucha, na tundu la sindano likajifunga. Karatasi haina tabia hiyo: sindano ilipopita, tundu limebaki. Ndiyo maana mama ninayemsimulia hapa, mwalimu mstaafu wa Magomeni anayetengeneza madaftari ya mabaki ya karatasi, hukaa muda mrefu akifikiri kabla hajashika sindano.

Mali yake yote imo katika boksi la viatu: kadi za michango ya harusi zilizokwisha kupita, bahasha za kaki, tiketi za basi la mkoani, kurasa za kalenda ya duka, karatasi ya daftari la mwanafunzi iliyofungia karanga, pakiti za majani ya chai, na vipande vya kanga alivyopewa na fundi cherehani wa jirani. Mtu angetazamia avipange kwa rangi. Yeye huvipanga kwa uzito. Kadi ya harusi ni ngumu, hubeba wenzake. Karatasi ya daftari ni laini, hubebwa. Gazeti hulitumia kwa uchache, kwa sababu karatasi yake ni mti uliosagwa bila kuondolewa lignini, nayo ikikaa kwenye mwanga hugeuka njano na kuvunjikavunjika.

Kisha huja kazi ambayo mpita njia angedhani ni kuchezea. Huchukua kipande na kukipinda kidogo kwa urefu, halafu kwa upana, bila kukikunja. Nyuzinyuzi za karatasi ya kiwandani hulala kuelekea upande mmoja. Ukiipinda kwa kuzifuata, inatii. Ukiipinda kwa kuzikata, inakaidi. Yeye hutaka nyuzi za ukurasa na za kila kipande cha juu yake zielekee sambamba na mgongo wa daftari. Karatasi ikiloa hutanuka zaidi kwa upande unaokatiza nyuzi. Basi vipande vikilala kwa kupishana, kimoja kitavuta huku na kingine kule, na ukurasa utajikunja wenyewe.

Mkasi anao, lakini kwa kingo zitakazoonekana hupendelea kurarua. Huchora mstari kwa brashi yenye maji, akangoja karatasi inywe, kisha akavuta pande mbili taratibu. Ukingo hutoka na manyoya mepesi meupe, na ukibandikwa huyeyukia kwenye ukurasa kana kwamba ulizaliwa pale.

Gundi hupika mwenyewe: kijiko kimoja cha unga wa ngano kwa vijiko vinne au vitano vya maji, moto mdogo, mwiko usitulie mpaka mchanganyiko ung'ae na kushika, kisha huchujwa. Huipaka nyembamba, kutoka katikati kwenda nje. Uzuri wa gundi hii ni uvivu wake. Haikauki upesi, hivyo kipande kilichokaa upogo husogezwa kwa kidole. Mwaka 1873 mwandishi Mark Twain alipewa hataza nchini Marekani kwa kitabu cha kubandikia vipande ambacho kurasa zake zilikwisha pakwa gundi. Mtu alilowesha tu na kubandika. Kiliuzwa sana. Sidhani kama mama huyu angekinunua, maana humo katika kupaka na kusogeza ndimo anamoamua mambo yake.

Ukurasa hulala usiku kucha chini ya vitabu vizito. Ukikauka, ndipo uzi unapoingia.

Kwanza hutoboa. Huweka ukurasa juu ya soli ya kandambili kuukuu, akaweka alama za penseli, na kuchoma kwa sindano iliyokitwa kwenye kipini cha mti. Soli humeza ncha bila kuacha karatasi ibonyee. Kati ya tundu na tundu huacha kama milimita 5. Yakikaribiana mno, mstari mzima hukatika kama stempu. Uzi wa pamba huuvuta juu ya kipande cha nta ya nyuki ili usisokotane, na haukati mrefu kuliko mkono wake, kwa kuwa kila tundu linaula kidogo.

Hapo hupiga bandi kwenda, juu na chini, kisha hurudi kwa matundu yale yale akijaza mapengo. Mshono huwa mstari usiokatika mbele, na nyuma vilevile. Hili ndilo lililonifanya nimheshimu. Nguo ina upande wa ndani wa kufichia aibu, daftari halina. Nyuma ya ukurasa ni ukurasa mwingine, na msomaji ataufungua. Mafundo huyazika chini ya kipande kitakachobandikwa upande wa pili, na uzi huuvuta ukiwa umelala juu ya karatasi, kamwe si kwa kuunyanyua, huku dole gumba likizuia. Ukiunyanyua, tundu hupasuka.

Kufunga daftari lenyewe kwake ni kazi ndogo: matundu matatu kwenye mkunjo, sindano huanzia la katikati kwa ndani, hupita la juu na la chini, hurudi katikati, na ncha mbili hufungwa juu ya uzi mrefu. Huongeza tu vipande vyembamba vya kadi kwenye mgongo, kwa sababu kurasa zenye mapambo ni nene na daftari lingekataa kufumba.

Kurasa mbili humla jioni nzima, nyingine zaidi. Ukitaka kujaribu, usinunue kitu: tafuta bahasha iliyotumika, kandambili iliyokatika na sindano. Toboa kwanza, ushone baadaye, na ugeuze ukurasa kutazama nyuma kabla hujakata uzi.