Buriani ya Farasi kwa Msomaji wa Nchi ya Maksai

Husikika mara kwa mara, wataalamu wa tafsiri wakutanapo, rai kwamba hadithi ya kigeni iingiapo katika Kiswahili haina budi kuwaacha wanyama wa kwao na kuwachukua wa kwetu. Rai hiyo ina mvuto wake. Hapa tunataka kuipima kwa tukio moja tu, nalo ni kuagwa kwa farasi Boxer katika Animal Farm ya George Orwell, iliyotoka London mwaka 1945. Fortunatus Kawegere aliifasiri kwa jina la Shamba la Wanyama, ikachapishwa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1967. Hatukusudii kuihakiki tafsiri hiyo. Tunayemtazama ni msomaji, na tuliyemchagua ni mwanafunzi wa Migori au Homa Bay.

Mwanafunzi huyo hakukua na farasi. Bonde la Lambwe lilijulikana kwa mbung'o, na nagana inayoenezwa na mdudu huyo ni adui mkubwa wa farasi. Hata neno lenyewe, faras, Dholuo imeliazima kwa Kiswahili, nacho Kiswahili kilikwisha kuliazima kwa Kiarabu. (Mnyama wa Lambwe anayebeba jina la farasi ni korongo wa Ruma, Hippotragus equinus kwa wataalamu, lakini huyo ni swala, tena adimu, kwani hapatikani porini penginepo nchini Kenya.)

Amjuaye mwanafunzi wetu ni maksai wa plau. Amemwongoza akiwa mtoto, alfajiri kabla ya kwenda shule, akimwita kwa jina. Anajua jinsi maksai aliyezeeka anavyoachwa nyuma na mwenzake wa nira hadi mfereji ukapinda. Anajua pia mwisho wake: siku ya mnada, mchinjaji, kisha karo ya shule. Nyumbani huwapo huzuni, na pengine mama mwenye nyumba hukataa kutoka nje kumtazama akiondoka. Lakini hakuna amwitaye mwenye ng'ombe msaliti.

Hapo ndipo rai ya kubadili wanyama inapoanguka. Katika shamba la Orwell ilikubaliwa kwamba farasi atimizapo miaka 12 atapumzika malishoni. Boxer anaanguka kabla ya kuufikia umri huo, akiwa anakokota mawe ya kinu. Gari lililofungwa linapokuja kumchukua, wenzake wanakusanyika na kumpungia buriani kwa moyo mweupe, mpaka punda Benjamin anaposoma maandishi ubavuni mwa gari na kuwafahamisha kwamba ni la mchinjaji wa farasi. Tumfanye Boxer maksai, na gari hilo litakuwa limekuja kwa kazi yake ya kawaida. Nyama ya maksai huliwa. Ahadi ya kumstaafisha ndiyo itakayomshangaza msomaji, wala si kuvunjwa kwake. Kumfanya punda nako hakufai, maana punda yumo tayari, na ndiye asomaye.

Pengine tutajibiwa kwamba tunaudharau uhusiano wa Mluo na ng'ombe wake. La hasha. Katika tero buru, mzee akifa, ng'ombe huswagwa kwa nyimbo na ngoma ili kifo kifukuzwe kutoka bomani. Lakini tuangalie nani anamsindikiza nani: hapo mnyama ndiye aliyekuja kumwaga mtu.

Kiswahili kina msaada mwingine kwa mfasiri, ambao tunaona haujatumiwa ipasavyo. Ng'ombe akiwa hai tunampa upatanisho wa mtu: ng'ombe amelala, ng'ombe amechoka. Akifa mwenyewe, hugeuka mzoga, nao mzoga umelala, mzoga umetupwa; maiti ni ya mtu. Vivyo hivyo mtu hufariki, mnyama hufa. Dholuo hutumia tho kwa wote wawili, na kwa hiyo mwanafunzi wa Homa Bay huipata tofauti hii darasani, si nyumbani. Sasa Squealer arudipo kuwatangazia wanyama kwamba Boxer alifia hospitalini akitunzwa vyema, kitenzi gani kimfae? Tungempa "amefariki", bila kusita. Neno moja la heshima, likitoka katika kinywa kile, lingeubeba uongo wote, kwa namna ambayo Kiingereza cha Orwell, kinachomtumia mtu na farasi kitenzi kimoja, hakikuweza.

Limebaki jambo dogo. Gari lile lilikokotwa na farasi wawili. Wanyama waliwapigia kelele wasimpeleke ndugu yao kifoni, nao, kwa kutofahamu, wakazidisha mwendo. Katika tafsiri ya maksai wawili hao wangekuwa nani? Maksai hamkokoti maksai mwenziwe kwenda mnadani. Huenda kwa miguu yake, kamba shingoni, na nyuma yake mtoto mwenye fimbo, yule yule aliyekuwa akimwongoza shambani.