Mtumishi Msumbufu na Hukumu ya Watazamaji

Mchezo wa kuigiza, msomaji, ukiisha kuonyeshwa hugeuka kuwa kesi. Watazamaji huwa wazee wa baraza. Kila mmoja hutoa shauri lake, na mara nyingi shauri hilo hutufunulia tabia ya mtoaji kuliko ya mshitakiwa. Ndiyo sababu nataka tupime mambo mawili kwa pamoja: mchezo mmoja mashuhuri wa televisheni, na maneno wanayoyasema watu juu ya mtumishi mmoja aliyemo ndani yake.

Mchezo wenyewe waitwa Upstairs, Downstairs, maana yake walio ghorofani na walio chini. Ulitengenezwa Uingereza na London Weekend Television, ukaonyeshwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1975, nao una sehemu 68. Ulibuniwa na wanawake wawili waigizaji, Jean Marsh na Eileen Atkins. Habari zake ni za nyumba moja ya London, namba 165 Eaton Place, tangu mwaka 1903 hadi 1930. Juu wanakaa Richard Bellamy, mjumbe wa Bunge, mkewe Lady Marjorie na watoto wao. Chini wanakaa Hudson, mkuu wa watumishi, Bi. Bridges mpishi, Rose mtumishi wa vyumba, na wenzao.

Katika sehemu ya kwanza aja msichana kutafuta kazi. Abisha mlango wa mbele, mlango wa mabwana, naye aelekezwa kwenda kuingilia mlango wa chini. Aulizwa jina, ajibu Clemence, tena adai kuwa ana damu ya Kifaransa. Lady Marjorie aona kuwa jina hilo halimfai mtumishi, basi ampa jina jingine: tangu siku hiyo ataitwa Sarah. Huyu ndiye mtumishi msumbufu tunayemzungumza, na aliyemwigiza ni Pauline Collins.

Watazamaji wa kwanza wasema hivi: Sarah ni mwongo, mjeuri na mvivu, na nyumba ile ingalikuwa na amani kama asingaliingia. Shitaka hili si la bure. Sarah asimulia mambo yasiyokuwapo. Awaiga mabwana kwa mzaha. Akubali kuwa kielelezo cha msanii Guthrie Scone, ambaye amechora picha ya Lady Marjorie, na picha ya bibi na picha ya watumishi zikatundikwa hadharani mahali pamoja, hata Rose, asiye na kosa, akapatwa na fedheha. Aondoka kazini, arudi. Aondoka tena, arudi tena. Mtu akisema kuwa asingependa kulala chumba kimoja na mwenzi wa namna hii, hatuwezi kumlaumu.

Lakini yafaa tuuchunguze uwongo wake. Mwanzoni mwa karne ile, wanawake zaidi ya milioni moja wa Uingereza walitumika katika nyumba za watu. Mtumishi hakupata kazi njema pasipo barua ya sifa kutoka kwa bibi wake wa kwanza, na bibi akiinyima barua hiyo, mlango wa riziki ulifungwa. Kwa hiyo sifa ya mtumishi haikuwa mali yake mwenyewe. Ilikuwa karatasi iliyoandikwa na mkono wa mwingine. Mtu ambaye jina lake labadilishwa kwa neno moja, tena mbele ya uso wake, ajitungia ukoo wa heshima. Je, ni nani aliyeanza kuyachezea majina? Uwongo ni uwongo, wala simtetei. Ila mwamuzi mwadilifu hupima uwongo wa pande zote mbili. Sisi wa Kenya twaweza kulielewa jambo hili upesi, maana wazee wetu wengi waliotumika katika nyumba za walowezi waliitwa "boi" hata walipokuwa na mvi na wajukuu.

Watazamaji wa pili husimama ng'ambo ya pili. Kwao Sarah ni shujaa, na kila ujeuri wake ni pigo la haki juu ya kiburi cha matajiri. Maoni haya yana joto la moyo, lakini hayana macho. Katika ule mkasa wa picha aliyeumizwa kwa aibu ni Rose, mtumishi mwenziwe. Tena Sarah haichukii ngazi ile ya juu na chini; aitamani. Ajipa ukoo wa kifahari kwa kuwa ataka kuwa juu, si kwa kuwa ataka ngazi ivunjwe. Anayemwita mkombozi amemvika kanzu isiyomwenea.

Watazamaji wa tatu hawamshitaki wala hawamsifu. Wao walalamika tu kuwa awachosha. Wangependa mchezo ukae na watumishi watulivu. Hawa nawaomba wamkumbuke Emily, msichana wa jikoni. Emily hakuwa msumbufu. Alitii, akasugua sufuria, akampenda kijana mtumishi wa nyumba nyingine. Mapenzi yale yalipokatazwa na wakubwa, akajinyonga. Watunzi wamewaweka wasichana hawa wawili chini ya dari moja, mmoja apigaye kelele na mmoja anyamazaye, ili tuone kuwa utulivu wa jikoni si dalili ya raha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Yapo pia mambo yaliyowagawanya watazamaji bila wao kujua. Sehemu za kwanza zilipigwa bila rangi kwa sababu ya mgomo wa mafundi wa televisheni. Baadaye sehemu ya kwanza ikapigwa tena kwa rangi, nayo ikapewa miisho miwili: katika mmoja Sarah abaki nyumbani, katika mwingine aondoka, ili nchi zilizonunua mchezo ziweze kuziruka sehemu zisizo na rangi. Mchezo ulipoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1974, sehemu kadhaa za mwanzo ziliachwa. Basi watu wawili wenye akili timamu waweza kubishana juu ya Sarah, kumbe hawakuonyeshwa mambo yale yale. Kabla hujamkatalia mwenzio, muulize kwanza ameona nini.

Je, mchezo wenyewe hauna ila? Unayo. Mabwana wa Eaton Place wamefanywa wapole kupita kiasi. Mtumishi wa namna ya Sarah, akiondoka kama alivyoondoka, hangepokewa tena kwa urahisi ule. Hata alipopata mimba ya James, mwana wa nyumba, kijana yule akapelekwa jeshini Bara Hindi, na mtoto akafa. Kifo hicho kinawaondolea mabwana mzigo ambao walistahili kuuchukua mbele ya macho yetu. Kama mtoto angaliishi, watunzi wangalilazimika kutuonyesha atakula wapi, juu au chini; na hapo ndipo tungaliujua upole wa nyumba ile una kina gani.

Pamoja na ila hiyo, nauhesabu mchezo huu kuwa kazi njema, na Sarah kuwa sehemu yake iliyo hai kuliko zote. Ametengenezwa na kasoro zake na sababu zake, asitufanyie wepesi wa kumpenda wala wa kumchukia. Hiyo ndiyo alama ya mtunzi anayemheshimu mtu.

Nawe msomaji, utakapoandika maoni yako juu ya mhusika wa kitabu au mchezo wo wote, usiishie kusema "msumbufu" au "mwema". Uliza amemsumbua nani, kwa jambo gani, na ni nani aliyelichagua neno hilo. Kisha yamkini nyumbani kwenu au kwa jirani yuko yaya aamkaye kabla ya wote na kulala baada ya wote. Huyo hana watunzi wa kumtetea. Anza kwa kulijua jina lake, lile alilopewa na mama yake.