Husuni Isiyo Ngome

Jina ndilo linaloanza kutupoteza. Husuni ni neno la Kiarabu lenye maana ya ngome, kwa hiyo msafiri anafika Kilwa Kisiwani, kwenye pwani ya Tanzania, akitazamia kuta nene na matundu ya kurushia mishale. Anachokikuta ni jumba. Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la mwanzoni mwa karne ya 14, limekaa juu ya genge linaloitazama bahari, na ngazi zake zinateremka hadi ufukoni. Ngome gani humjengea mgeni ngazi?

Mizani ya jengo hili ni boriti, nguzo ya mkoko inayobeba paa. Mti wa mkoko una urefu wake, hauvuki chumba kipana. Basi fundi wa pwani hujenga vyumba vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya kingine, kama mtunzi anayehesabu silabi. Vyumba vya Husuni vinapita 100, na kipimo kile kinarudi na kurudi, matumbawe na chokaa, hadi jicho linaanza kuchoka. Ndipo unapolifikia birika. Lina pembe nane, limezama chini, wazi kwa mbingu. Hapa hakuna paa la kubebwa, na mkono uliobanwa na boriti unajiachia. Kwangu, sehemu hii peke yake inatosha kumwita aliyeichora msanii.

Ua wa kusini una sauti nyingine kabisa: umezungukwa na maghala. Kilwa ilitajirika kwa dhahabu ya bandari ya Sofala, na jengo halifichi jambo hilo. Mtawala na mfanyabiashara wanakaa chini ya dari moja. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, alimkuta sultani huyu akiitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Maghala yanaeleza ukarimu huo ulitoka wapi.

Dosari ipo. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimbua magofu haya aligundua kwamba jumba halikukamilika. Limejitanua kuliko pumzi yake. Hata hivyo nalipenda kuliko jirani yake, Husuni Ndogo, ambayo ina ukuta wa mstatili na minara, sura kamili ya ngome, lakini ndani karibu hamna kitu.

Ukienda, chukua kibali Kilwa Masoko, panda mashua, na umwombe nahodha akupitishe kwanza chini ya genge. Jumba hili lilikusudiwa kutazamwa kutoka majini.