Wasoma Madoa ya Jua

Mwishoni mwa Agosti 2017 doa moja lilijitokeza kwenye ukingo wa mashariki wa jua, dogo, la mviringo, limetulia. Watabiri wa jua wa Boulder, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, wakalipa namba, 12673, kama wanavyoyapa namba madoa yote mapya. Halikuwa doa la kumkosesha mtu usingizi. Madoa ya aina hiyo, yenye ncha moja tu ya sumaku, huvuka uso wa jua kwa majuma mawili hivi, kisha huzama upande wa pili bila kishindo. Likakaa vivyo hivyo siku kadhaa. Tarehe 3 Septemba sumaku mpya ikaanza kuchomoza kando yake kutoka ndani ya jua, na katika muda wa siku mbili lile doa moja likawa kundi kubwa lililovurugika, ncha za kaskazini na za kusini za sumaku zimebanana ndani ya utando mmoja, ule ukanda wa kijivu unaolizunguka doa. Tarehe 6, saa tisa na dakika mbili alasiri kwa saa za Nairobi na Dar es Salaam, likatoa mlipuko wa daraja la X9.3, mkubwa kuliko mwingine wowote katika mzunguko ule wa kuongezeka na kupungua kwa madoa ya jua. Redio za masafa mafupi zikavurugika upande wa dunia uliokuwa mchana, Afrika na Ulaya zikiwemo. Siku hiyohiyo kimbunga Irma kilikuwa kinavipiga visiwa vya Karibi, na watu wa huduma za dharura waliozitegemea redio hizo wakapotezana.

Kati ya tarehe 3 na tarehe 6 kulikuwa na siku tatu. Kazi inayofanyika ndani ya siku tatu kama hizo ndiyo ninayotaka kuisifu.

Mlipuko wa jua haupigi hodi. Mwanga wake hufika duniani kwa dakika nane na kitu, na eksirei zake husafiri kwa kasi ileile ya mwanga, kwa hiyo hakuna mjumbe anayeweza kuutangulia. Dakika ambayo setilaiti inauona, madhara yake ya kwanza yameshafika na yanalivuruga lile tabaka la juu la angahewa ambalo mawimbi ya redio huligonga na kurudi chini. Wingu la gesi ambalo mara nyingine hutupwa pamoja na mlipuko huchelewa, aghalabu siku moja hadi tatu, na hilo mtu anaweza kuliona likiondoka akawaonya wengine. Mlipuko wenyewe hauna njia hiyo. Anayetaka kuonya juu yake hana budi kulisoma doa kabla halijafanya lolote.

Na kusoma doa ni kusoma sumaku. George Ellery Hale, akiwa Mount Wilson huko California, aligundua mwaka 1908 kwamba doa ni mahali ambapo nguvu za sumaku ni kali mno. Zinazuia joto la chini lisipande, na ndiyo sababu panaonekana peusi, ingawa doa likitengwa peke yake gizani lingeng'aa vizuri tu. Ncha ya kaskazini ikikaa mbali na ya kusini, hakuna neno. Zikikaribiana, na mikondo ya gesi ikazisukuma kila moja upande wake, mistari ya sumaku husokoteka kama nyuzi za makumbi mikononi mwa msokota kamba, msokoto juu ya msokoto, mpaka inakatika na kujiunga upya kwa mpangilio mwingine. Nguvu iliyokuwa imefungwa humo hufunguka kwa dakika chache.

Mtabiri haoni msokoto wenyewe. Anaona dalili zake, na dalili hizo zimepewa majina na watu waliotumia maisha yao wakizitazama. Mount Wilson walileta herufi za Kigiriki: alfa kwa kundi lenye ncha moja, beta kwa lenye mbili zilizotengana, gama kwa lililochanganyika. Baadaye ikaongezwa delta, kwa kundi ambalo ncha zinazopingana zimo ndani ya utando mmoja wa kijivu. Delta ndiyo wanayoiogopa. Kisha akaja Patrick McIntosh wa Boulder na mfumo wake wa herufi tatu, aliouchapisha kwa ukamilifu mwaka 1990. Herufi ya kwanza inaeleza umbo na urefu wa kundi, ya pili inaeleza utando unaolizunguka doa lililo kubwa kuliko mengine, ya tatu inaeleza jinsi madoa yalivyosongamana katikati. Axx ni doa tupu lisilo na utando. Fkc ni kundi lililopita digrii 15 za longitudo ya jua, doa lake kuu ni kubwa na limepinda, na katikati yake hakuna nafasi. Kati ya hayo mawili mfumo unaruhusu aina 60 kwa jumla, na kila aina ina historia yake: milipuko mingapi ilitoka kwa makundi ya namna hiyo miaka iliyopita. Mtabiri huanzia hapo.

Angeishia hapo, kompyuta ingemtosha mtu. Jedwali lina wastani wa makundi yaliyopita, lakini haliwezi kujua kwamba kundi la leo jana halikuwa na mikia miwili inayoonekana sasa, wala kwamba doa la nyuma linalisogelea la mbele kwa haraka isiyo ya kawaida. Hilo linajulikana na mtu aliyelitazama jana, na juzi, na aliyepokea zamu kwa mwenzake akamsikiliza vizuri. Kwa maoni yangu hapo ndipo kazi hii inapokuwa ufundi. Macho yanatafuta kilichobadilika, na kubadilika hakuonekani kwa mtu aliyekuja leo tu.

Baada ya hayo yote, mtabiri anaandika namba. Milipuko hupangwa kwa ukali wa eksirei zake, C, M, X, kila daraja likizidi lililotangulia mara kumi. Haandiki kwamba kesho kutatokea mlipuko. Anaandika, tuseme, kwamba uwezekano wa mlipuko wa daraja la M ni asilimia 40, na wa daraja la X ni asilimia 10. Msomaji mwenye haraka ataona kwamba huku ni kukwepa. Sivyo. Mtu aliyesema asilimia 40 hawezi kujisifu kesho mlipuko ukitokea, wala hana pa kujificha usipotokea. Zitakusanywa siku zote alizosema 40, ihesabiwe ni ngapi zilizokuwa na mlipuko. Zikiwa karibu 40 katika kila 100, alisema kweli. Zikiwa 15, alikuwa anatisha watu. Zikiwa 70, alikuwa anaogopa kusema. Tunao watabiri wengi, wa uchaguzi, wa mechi, wa bei ya shilingi, wanaozungumza kwa uhakika wote na hakuna anayerudi kuwahesabia. Hawa wa jua wanautaja wasiwasi wao kwa namba, wanaiweka hadharani, na wanakubali kupimwa nayo kwa miaka. Nauheshimu uaminifu huo kuliko darubini zao.

Na jua linawanyenyekeza. Oktoba 2014 lilijitokeza kundi 12192, kubwa kuliko lolote lililokuwa limeonekana kwa karibu miaka 24, eneo lake likiwa sawa na uso mzima wa dunia mara 16 hivi. Mtu yeyote angetazamia balaa. Milipuko ikaja kweli, sita ya daraja la X, lakini hakuna hata mmoja katika hiyo sita uliorusha wingu kubwa la gesi. Sumaku iliyotanda juu ya kundi ilikuwa imelifunika kwa nguvu, msokoto ukafunguka chini yake bila kupata njia ya kutoka. Linganisha na 12673, lililokuwa dogo zaidi sana, likatokea katika miaka ambayo madoa yalikuwa yanaadimika, na bado likatikisa kuliko jitu lile. Tangu hapo swali la ukubwa limepungua uzito, na swali la kipi kimefunga na kipi kimelegea limepanda.

Kazi hii ina wazee wake. Heinrich Schwabe, muuza dawa wa Dessau huko Ujerumani, alianza kuhesabu madoa mwaka 1826 akitafuta sayari mpya, asiipate, akaishia kugundua kwamba madoa huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka kumi hivi. Richard Carrington, Mwingereza, alikuwa anachora madoa tarehe 1 Septemba 1859 pale alipoona mwanga mkali ukiwaka juu ya kundi mbele ya macho yake, na saa 17 na zaidi kidogo baadaye mitambo ya telegrafu ya waya ikavurugika duniani.

Ila mimi ninayempenda ni Hisako Koyama. Alizaliwa Tokyo mwaka 1916, akaanza kuchora jua wakati wa vita kwa darubini aliyopewa na baba yake, na baada ya vita akaajiriwa kwenye makumbusho ya sayansi katika bustani ya Ueno. Hapo alikuwa na darubini ya lenzi ya sentimita 20. Njia yake ilikuwa ya zamani: picha ya jua inaangushwa juu ya karatasi nyeupe nyuma ya darubini, na mchoraji anafuata kila doa kwa penseli, haraka kidogo kwa kuwa jua linasogea, lakini kwa uangalifu kwa kuwa doa lisilochorwa leo halirudi. Aprili 1947 alilichora kundi kubwa kuliko lolote lililopimwa katika karne ya 20. Aliendelea kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1985 ukatoka mkusanyo wake wa uchunguzi wa kuanzia 1947 hadi 1984, na wataalamu walipokuja kuzipanga upya hesabu za madoa za karne nne, kazi ya mwanamke huyu ilikuwa mojawapo ya nguzo walizoegemea. Sababu ni nyepesi kueleza na ngumu kuitenda: mtu mmoja, darubini moja, mkono uleule, bila kuacha.

Anayedhani haya ni mapenzi ya wachache waliojitenga na akumbuke tarehe 23 Mei 1967. Rada za Marekani za kugundua makombora, zilizokuwa Alaska, Greenland na Uingereza, zilizibwa zote kwa pamoja, na katika vita baridi kuziba rada hizo kungeweza kuhesabiwa kuwa shambulio la Wasovieti. Ndege za kivita zikawa zinaandaliwa. Watabiri wa jua wa jeshi la anga, ambao kazi yao ilikuwa bado changa, wakapeleka habari kwamba jua limelipuka na limetoa kelele za redio zinazotosha kuziba rada hizo. Ndege hazikuruka.

Afrika nayo imeingia kazini. Huko Hermanus, Afrika Kusini, kuna kituo cha taifa ambacho tangu Novemba 2022 kinafanya kazi usiku na mchana kikitoa utabiri wa hali ya anga za juu, na mashirika ya ndege ni miongoni mwa wanaohudumiwa. Sisi tulio karibu na ikweta tuna sababu zetu: jua letu liko juu mwaka mzima, siku hazifupiki kwa baridi, na rubani anayevuka Bahari ya Hindi bado ana redio ya masafa mafupi.

Kwa hiyo walimu wa fizikia na jiografia, nawaomba. Darubini ndogo ya lenzi, karatasi nyeupe na penseli vinatosha. Asiweke mtu jicho kwenye darubini iliyoelekezwa kwenye jua, hata kwa nukta moja, kwa sababu atapofuka. Picha iangukie karatasi. Andikeni tarehe na saa, hesabuni makundi, hesabuni madoa, zidisheni makundi kwa kumi, jumlisheni. Hesabu hiyo aliianzisha Rudolf Wolf wa Uswisi mwaka 1848 na bado inatumika. Kituo cha Brussels, nchini Ubelgiji, kinachotunza hesabu ya dunia nzima hupokea kazi za watu wasio wataalamu, na ndio walio wengi katika mtandao wake. Mzunguko wa sasa ulifika kileleni mwaka 2024 na madoa bado yapo. Anzeni muhula huu.